Asikwambie mtu ni ugonjwa wake tu

Mimi ni muuguzi, na nikiitwa kumtazama mgonjwa wa dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaomla mtu kumbukumbu na akili, hapa Lamu, sianzi kwa kumuuliza leo ni siku gani wala rais wa nchi ni nani. Namwamkia, namshika mkono, tunaulizana hali hata kama majibu yake hayana mpango. Kisha namgeukia anayemlea. Amekunywa nini tangu asubuhi? Amekojoa mara ngapi, na mkojo ulikuwa wa rangi gani? Choo kikubwa alipata lini? Usiku alilala? Kuna mahali akiguswa hukunja uso? Wengi hushangaa. Wao wameniita kwa sababu mama amechanganyikiwa, nami nimekuja na maswali ya chooni.

Sababu yangu ni hii. Dimenshia yenyewe huenda taratibu. Huchukua miezi, huchukua miaka. Mzee ambaye juzi alikula, akaswali, akacheka na wajukuu, kisha leo ameamka anapiga watu na kuona majoka ukutani, au amelala tu na akiitwa haitiki, huyo dimenshia haikumzidi kwa usiku mmoja. Kuna jambo jingine limempata juu ya ule ugonjwa wake. Wataalamu huiita hali hiyo deliriamu. Huja ghafla, kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na chanzo chake kikitafutwa na kutibiwa, mara nyingi huondoka.

Lakini hakitafutwi. Watu husema, "Ndio ugonjwa wake huo, sista," na mambo yakaishia hapo. Nimeisikia kauli hiyo kwa watoto wa mgonjwa, kwa majirani, na, linaloniuma zaidi, kwa wenzangu tunaovaa sare moja. Kwa kauli hiyo tumezika watu waliokuwa na maradhi yanayotibika.

Kuna bibi mmoja wa mtaa wa Langoni (mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asijulikane). Maisha yake yote alishona kofia za vito, zile ambazo moja huchukua miezi. Kusahau kulimwanza miaka kadhaa nyuma: kwanza majina ya wajukuu, kisha njia ya kwa dada yake, kisha kama amekula au hajala. Hata hivyo alikuwa mtu wa utulivu. Akiswali nyuma ya binti yake, na sauti ya huyo binti akiijua hata pale jina lilipompotea.

Halafu katika wiki moja tu akawa mtu mwingine. Usiku halali, anazungumza na watu walio darini. Anavua nguo. Kwa mwanamke ambaye hata mkwewe hajapata kumwona kichwa wazi, hilo liliwavunja watu wa nyumba ile. Wakafunga mlango, wakawa hawapokei wageni. Ndugu mmoja akasema ni pepo. Mwingine akasema mwisho umefika, asomewe Yasini.

Nilipofika nilimkuta midomo imepasuka, ulimi umekauka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Joto la mwili lilikuwa limepanda kidogo tu. Kwa wazee maambukizi makubwa yanaweza kuwa ndani na homa isionekane. Mkojo ulikuwa haba, umeiva rangi, unanuka. Binti alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mama hanywi maji mchana. Kila akipelekewa bilauri hufunga kinywa: "Nimefunga." Ulikuwa mwezi wa Rajabu, majirani wawili watatu walikuwa wamefunga kweli sunna zao, na bibi kwa kusikia habari za saumu barazani alikuwa ameshajiona yuko Ramadhani. Binti ni mtu wa dini. Hakuwa na moyo wa kumfungulisha mama yake kwa nguvu, na nani angekuwa nao?

Hospitalini mkojo ukapimwa, akaonekana ana maambukizi, akatiwa dripu na dawa za kuua vijidudu. Baada ya siku chache wale watu wa darini wakaondoka. Akarudi alivyokuwa, na kusahau kwake na utulivu wake. Dimenshia haikupona, na mpaka sasa hakuna dawa ya kuiponya. Kilichopona ni kile kilichomvamia.

Kazi ngumu ilikuja baadaye, kumfanya anywe kila siku. Mwili wa mzee hupunguza hisia ya kiu. Dimenshia nayo huongeza lake: mtu anaweza kuishika bilauri asijue ni ya nini. Hapa kwetu, joto la kaskazi likishika, mzee asiyekumbushwa kunywa hukauka upesi sana. Wengi wanahitaji vinywaji vya takriban lita moja na nusu kwa siku, ila kama daktari amempunguzia kwa ajili ya moyo au figo. Kumgombeza hakusaidii, kwa sababu kwa anavyojua yeye, mwenye haki ni yeye: mtu anataka kumlisha mchana wa Ramadhani.

Tukaanza na binti. Alihitaji kusikia, kwa mtu wa elimu ya dini na si kwangu mimi, kwamba mama yake hadaiwi saumu. Mwalimu wa madrasa ya jirani akamkumbusha hadithi ya Mtume ambayo sote tulifundishwa madrasani, kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Kisha mwalimu akaingia kwa bibi mwenyewe, akakaa kwa adabu, akamwambia, "Bi, wewe una ruhusa. Kunywa." Akanywa. Baada ya muda mfupi alikuwa ameshasahau. Basi mjukuu akamrekodi mwalimu kwa simu, maneno yale yale, ikawa kila bilauri inapoletwa sauti ya mwalimu inatangulia. Siku nyingine hukubali, siku nyingine hukataa. Akikataa, hungojewa adhana ya Maghribi. Hapo huchukua tende na maji mwenyewe kwa furaha, na binti humwongezea baada ya Isha na tena akiamka alfajiri. Ndugu nao walimletea kombe, na hilo hakulikataa hata mara moja. Mimi sikulizuia. Aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji safi, maji yale yanaingia mwilini mwake, naye anayanywa kwa imani. Nilichosisitiza ni kwamba vidonge vya presha visikatizwe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hivyo tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa Wazungu walioishi sana. Na si ugonjwa mmoja. Alzheimer ndiyo asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Wengine huharibikiwa na mishipa ya damu ya ubongo, kwa viharusi vidogo vidogo ambavyo pengine hakuna aliyeviona vikipita, na hapa pwani, kwa jinsi presha na sukari zilivyoenea, sishangai kukutana nao. Kuna aina ya Lewy, ambayo mgonjwa huona vitu visivyokuwepo na mwili hukakamaa. Kuna inayoanzia mbele ya ubongo ikabadili tabia kabla ya kugusa kumbukumbu. Tena yapo mambo yanayofanana na dimenshia ilhali si yenyewe, ambayo lazima yapimwe kwanza: tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo mno, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU, huzuni kubwa ya muda mrefu, damu iliyovujia kichwani baada ya mtu kuanguka.

Huyo Alois Alzheimer ambaye ugonjwa umepewa jina lake alikuwa daktari Mjerumani. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alipokea mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Maandishi aliyoyaandika juu yake yapo hadi leo. Alimuuliza jina la ukoo, akajibu Auguste. Jina la mume, akajibu Auguste. Wakati wa chakula cha mchana mgonjwa alikuwa akila nyama ya nguruwe na koliflawa. Alipoulizwa anakula nini, akasema spinachi. Naipenda habari hii kwa sababu daktari alimtazama mgonjwa wake akila, akaandika kilichokuwa kwenye sahani na kilichosemwa. Huo ni uuguzi hasa. Deter alifariki Aprili 1906, na Novemba mwaka huo huo Alzheimer akawaeleza wenzake huko Tübingen mabadiliko aliyoyaona kwenye ubongo wake. Dunia imeukumbuka ubongo. Lakini kilichomwondoa mama yule duniani ni damu iliyoingiwa na sumu ya vidonda vya kulalia.

Kwa hivyo na vidonda nivisemee, maana nimevikuta katika nyumba zenye upendo mwingi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mahali pa kuangalia ni visigino, nyonga, mfupa wa mwisho wa mgongo, viwiko na nyuma ya masikio. Tunafundishwa kutafuta wekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu haujitokezi. Tafuta mahali palipokoza rangi kuliko pembeni yake, penye joto, pagumu ukigusa au pamebonyea. Ukipaona, usipakande. Kukanda hupasua zaidi vilivyo chini. Mwondolee uzito mahali hapo, mkavu akae, na godoro la sufi lililoganda mabonge litolewe likachambuliwe.

Mgonjwa asiyeweza kusema "naumwa" husema kwa njia nyingine. Kwa hilo kuna kipimo kiitwacho PAINAD, kilichochapishwa mwaka 2003, nacho hakihitaji kifaa chochote. Hutazama mambo matano: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama mtu hutulia akibembelezwa. Nikikifundisha kwa walezi huwaambia wakitumie wakati wa kumwogesha na kumvisha, si akiwa ameketi kimya, kwa sababu maumivu mengi hujificha mpaka kiungo kisogezwe.

Mzee mmoja alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, sasa anakaa kwa mwanawe Mkomani. Nilielezwa kwamba amekuwa mkorofi, anamrushia mkwewe sahani za chakula. Yule mkwe, mwanamke mwenye heshima zake, alikuwa analia. Nikaomba niwepo anapokula. Akaletewa wali na mchuzi wa samaki. Alinawa vizuri, akaumba tonge kwa vidole vitatu bila kumwaga hata punje, akalitia kinywani, akatafuna upande wa kushoto. Tonge la pili vivyo hivyo. La tatu likahamia kulia. Uso ukakunjika, pumzi ikakatika, na sahani ikaruka. Nilipomulika tochi ndani ya kinywa niliona jino la gego limeoza mpaka kwenye ufizi, na ufizi umevimba usaha. Jino likang'olewa. Baada ya hapo sahani zilibaki mkekani.

Naomba kila anayelea aangalie kinywa cha mgonjwa wake. Meno yapigwe mswaki, ya bandia yatolewe usiku yaoshwe, utando mweupe kwenye ulimi uonyeshwe daktari. Na huko kula kwa mkono kusiondolewe haraka. Nimeona watoto waliorudi kutoka mijini wakampa baba kijiko kwa nia njema, baba akakigeuzageuza asijue cha kukifanyia, wakasema hali tena. Mkono bado unajua. Wali mweupe ukiwekwa kwenye sahani nyeupe, macho ya mgonjwa huenda yasiuone. Sahani yenye rangi huonyesha chakula kilipo. Samaki atolewe miba na mtu, kila mwiba, kwa mwangaza mzuri. Mwenye kupaliwapaliwa alishwe ameketi wima, tonge dogo, lisubiriwe lishuke ndipo jingine lifuate, asilazwe mpaka nusu saa ipite.

Yule fundi, hata baada ya jino kutoka, jua likianza kuinama alikuwa hatulii. Wagonjwa wengi huwa hivyo jioni. Alikuwa akichopoachopoa nyuzi za godoro, akizisokota, akizipenyeza kwenye nyufa za kitanda. Mwanawe alikerwa na godoro lake. Mimi niliitazama ile mikono nikamuuliza, "Baba yako kazi yake hasa ilikuwa nini kwenye jahazi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kalafati," yaani kuziba mianya ya mbao za jahazi kwa pamba. Kesho yake alileta pamba, mafuta kidogo kwenye kopo, na vipande viwili vya ubao vilivyopigiliwa pamoja vikaachiwa mwanya katikati. Patasi na nyundo hakuvileta. Mzee alichukua pamba akaivuta ikawa uzi mnene, akaisokota juu ya paja, akaichovya, akaanza kuishindilia kwa kidole gumba kutoka mwisho mmoja. Kila baada ya kipande alipitisha ukucha juu ya mshono. Alipokuta mahali palipolegea alichomoa akarudia. Kazi za mikono zilizofanywa miaka mingi huhifadhiwa katika sehemu za ubongo ambazo Alzheimer huchelewa kuzifikia. Sasa kila alasiri huwekewa ubao wake, na Maghribi huingia bila vurugu.

Nyumba nyingine mambo huishia dukani kwa dawa za kumlaza. Hili nalipinga waziwazi. Piriton, dawa ya mzio ambayo watu huinunua bila kufikiri kwa sababu inaleta usingizi, huvuruga zaidi akili ya mwenye dimenshia, huzuia mkojo na kufunga choo, yaani inaleta yale yale yanayoanzisha deliriamu. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu huwaangusha wazee usiku wakienda msalani. Na dawa za wagonjwa wa akili, haloperidoli na wenzake, zina hatari yake kubwa: mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya rasmi kwamba dawa mpya za kundi hilo huongeza vifo vya wazee wenye dimenshia, na mwaka 2008 onyo likatandazwa hadi kwa zile za zamani. Kwa mwenye aina ya Lewy, dozi ndogo tu inaweza kumkakamaza asiweze hata kumeza. Ipo siku zinahitajika, mtu akiwa hatari kwake au kwa wengine na mengine yote yameshatazamwa, kwa dozi ya chini, kwa muda, na daktari akifuatilia. Kununuliwa kwa ushauri wa jirani, hapana.

Nyumba zetu za mawe zina uzuri wake, lakini kwa mgonjwa huyu zina mitego. Chumba hadi chumba kuna kizingiti au kidaraja, ngazi ni kali, na vyumba vya ndani ni giza hata mchana. Mshushe akae chini, karibu na kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, ambako mwanga unaingia, maana mwanga wa asubuhi humsaidia kujua usiku ni upi. Paka chokaa nyeupe ukingo wa kila kipandio. Samadari, kile kitanda kirefu cha kupandia kigoda, ikipishe kitanda kifupi. Bafuni, mahali anapotilia udhu, pawe pakavu na pawe na kitu cha kushika. Mlango wa dari ufungwe.

Kuna bibi mwingine, mzaliwa wa Faza katika kisiwa cha Pate, kila alasiri huvaa buibui akashika njia ya gatini. "Nipelekeni kwetu." Watoto walikuwa wakimwambia, "Mama, kwenu ni hapa, umeolewa hapa tangu zamani," na kila wakimwambia hivyo anazidi kupaza sauti, kwani anaona watu asiowajua wamemzuilia. Mtu akiomba kwao mara nyingi ana hofu au ana haja ya mwilini, kwa hiyo kwanza alipelekwa msalani, akapewa chai, akatazamwa kama ana maumivu. Bado alitaka kwenda. Mjukuu wake mvulana, anayefanya kazi kwenye boti, ndiye aliyepata jawabu. Kila mtu wa Faza anajua kwamba Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari ambao boti hupitia, haupitiki vizuri maji yakiwa yametoka. Akamwambia, "Bibi, ngoja maji yajae." Bibi akaketi. "Kweli," akasema, "nahodha hataondoka sasa." Wakakaa wakizungumza habari za Faza, nani alikuwa jirani wa nani, kisima kilikuwa upande gani.

Nimeulizwa kama huko si kumdanganya mzazi. Naona si udanganyifu. Kijana yule aliingia kwa mlango alioufungua bibi mwenyewe, na anapoweza humtembeza kweli mpaka ukingoni mwa bahari wakayatazama maji pamoja. Akitoka peke yake, mji wetu bado unamsaidia: wenye punda, wauza samaki, wazee wa barazani wanamjua, humshika mkono wakamrudisha. Hata hivyo gati ni gati, na maji hayana macho. Waambie majirani wa pande zote mbili mapema, bila haya. Familia nyingi huficha, na anayefichwa hakuna atakayemrudisha.

Aibu hii ina sura yake mbaya zaidi kule kwa wenzetu wa pwani. Katika kaunti ya Kilifi, ambako Malindi ipo, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na waliookoka vitisho wamelazimika kukimbilia makao kama yale ya Kaya Godoma huko Ganze. Kwenye mauaji yale mna ugomvi wa mashamba na urithi, hilo linajulikana. Lakini fikiria mzee mwenye mvi, anatangatanga usiku, anaingia ua wa jirani akidhani ni kwake, anazungumza peke yake, hakumbuki kwa nini yuko pale na akiulizwa anajibu yasiyoeleweka. Kila alama ya dimenshia imegeuzwa ushahidi. Nasema haya kwa wauguzi wenzangu wa Malindi, Magarini na Ganze: mkiandika jina la ugonjwa kwenye kadi, mkawaita wana wa mzee mkawaeleza mbele ya mzee wa mtaa kwamba baba anaumwa ubongo, mnaweza kuwa mmeokoa uhai kuliko kwa kidonge chochote.

Bado sijamtaja anayebeba yote haya. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwatunza wenye dimenshia hutolewa na wanawake. Hapa kwetu ni binti ambaye hakuolewa, au aliyeachwa akarudi nyumbani, au mkwe mdogo. Ndugu wa Mombasa na wa Ughaibuni hutuma pesa na ushauri. Yule binti wa Langoni, nilipomuuliza yeye mwenyewe analala saa ngapi, alinitazama kama niliyemuuliza habari za mtu mwingine. Nilichofanya ni kuwaita ndugu zake kwenye simu, wote kwa pamoja, nikawaeleza kwa sauti ya kazi kwamba akianguka huyu, mama atakuwa na wiki chache tu. Usiku wa Alhamisi na Ijumaa ukachukuliwa na binamu. Kaka wa Mombasa analipa mtu wa kufua. Baba wa mtu akihitaji kuogeshwa, atafutwe mwanamume wa kumwogesha, mjukuu au mpwa, maana mzee anayemkataa binti yake bafuni anailinda sitara yake, na ana haki. Leso imfunike wakati wote, aanzwe miguuni, maji yasimwagwe ghafla kichwani.

Na anayelea awe na daftari. La kurasa arobaini linatosha. Alikunywa nini, alikula nini, mkojo, choo, usingizi, dawa, na chochote kipya. Binti wa Langoni analo, na mara ya pili mama alipobadilika alikuja kituoni na daftari mkononi, akamwonyesha daktari: choo hajapata tangu Jumamosi, kunywa kumepungua tangu Jumapili, maneno yameharibika Jumanne. Hakuna aliyemwambia ni ugonjwa wake. Tatizo lilikuwa choo, na likashughulikiwa siku hiyo hiyo.

Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na cha joto. Hawa ndio wanaoingia majumbani, wanajua nani anaumwa na nani amejifungua. Naiomba kaunti ya Lamu, na ya Kilifi pia, iwaongezee swali moja katika ziara zao: kuna mzee nyumba hii aliyebadilika ghafla wiki hii? Wakijibiwa kwamba yupo, wampime hapo hapo, waulize habari za maji na choo, na wampeleke kituo siku ile ile bila kungoja. Kuwafundisha hilo ni kazi ya asubuhi moja. Atakayeniita kuwafundisha, iwe Faza, Kiunga, Mpeketoni au Witu, nitakuja.